Mkato wa Kushoto

Nyapara aliuinua mzizi juu ya kichwa chake, mbele ya wanawake thelathini, kama mtu aliyemkamata panya jikoni akamshika mkia.

"Tazameni vizuri," alisema. "Hii ndiyo kazi ya mkono wa kushoto."

Ulikuwa mzizi wa chikori, mfano wa karoti nene nyeupe. Kileleni, mahali palipopaswa kuwa na kichwa kigumu kilichofumba, palining'inia majani matatu yaliyolegea, yanateleza kwa uozo. Makreti sitini ya namna hiyo yalikuwa yametolewa asubuhi hiyo kwenye chumba cha giza. Mnunuzi alishapiga simu mara tatu. Meneja alikuwa safarini, na kabla hajarudi ilikuwa lazima apatikane mtu wa kubebeshwa mzigo.

Mashoto alisimama mahali pake mezani, kisu bado mkononi. Jina hilo alipewa na wenzake mwaka wake wa kwanza pale, na hakuwahi kulichukia, kwa sababu walilitamka kwa kumpenda. Ilikuwa sasa miaka kumi na minne anakata mizizi. Kazi yenyewe ukiitazama kwa mbali utasema ni mchezo wa watoto. Chikori huota shambani na majani yake mengi, kisha hung'olewa na mizizi yake na kuletwa ukumbini. Mkataji huushika mzizi mkono mmoja, huuzungusha kwenye kisu, na majani yote huanguka isipokuwa kishina cha vidole viwili. Ndani ya kishina hicho ndimo ulimo moyo wa mmea. Kata chini mno, umeua. Kata juu mno, majani ya zamani yataoza na kuozesha kila kitu.

Baada ya hapo mizizi hulazwa kwenye chumba cha baridi wiki tatu kamili. Ikishalala vya kutosha huamshwa, hupangwa wima, imebanana, kwenye chumba chenye joto kidogo na giza totoro. Humo, bila kuonja mwanga hata kidogo, kila mzizi hutoa kichwa kimoja cheupe. Hiyo ndiyo endivu, inayoliwa hotelini na watu ambao hawajui hata ilitokea wapi. Ikipigwa na mwanga hugeuka kijani, hufunguka, na uchungu wake hauvumiliki.

"Umekata moyo," nyapara alisema.

"Sijakata moyo wowote," alijibu Mashoto. "Mizizi hii umeilaza siku tano. Nilikwambia siku ulipoitoa, pale pale mlangoni mwa chumba cha baridi, kwamba haijalala. Ukaniuliza nani kaomba ushauri wangu."

Wanawake waliinamia meza zao kama waliodondosha sindano. Na mimi ninayesimulia nisifiche kitu: nyapara aliambiwa. Mnunuzi alitaka mzigo mapema, nyapara akataka sifa, akaitoa mizizi kwenye baridi kabla ya wakati wake. Alilijua hilo yeye, alilijua Mashoto, na ukumbi mzima ulilijua. Lakini kodi ya nyumba na karo za watoto hufanya watu wawe wazito wa kusema.

Nyapara akatoa kalamu na karatasi iliyokwisha kuchapwa. *Mimi niliyetia sahihi hapa chini nakiri kwamba kwa uzembe wangu nimeharibu...* Akisaini, atabaki, ila atahamishiwa kuosha makreti. Asiposaini, meneja akirudi baada ya siku ishirini na sita ataondoka bila kiinua mgongo, na barua itakayomtangulia kila shamba atakalobisha hodi.

Mashoto aliisoma mpaka mwisho. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa aproni, akamrudishia nyapara kalamu yake. Nyapara hakuipokea.

"Usinipe kitu kwa kushoto. Kwenu hamkufunzwa adabu?"

Mashoto aliiweka kalamu mezani. Nyapara alitoa kitambaa mfukoni, akaiokota nacho, akaipangusa taratibu kutoka kichwani hadi ncha, watu wote wakitazama. Hapo ndipo Mashoto alipojua kwamba hatasaini, hata akiambiwa atalala njaa.

Nyuma ya chumba cha baridi kulikuwa na jalala. Nyapara aliamuru kazi yote ya Mashoto itupwe, hata makreti ambayo yalikuwa bado hayajaingizwa kwenye giza, na wafugaji waliruhusiwa kuja kujichukulia. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake kubwa, na hakulifikiri hata kidogo. Mizizi ile iliyobaki ilikuwa imekatwa siku ile ile, kwa kisu kile kile, na tangu hapo ilikuwa imelala baridi yake, wiki nne sasa. Kama mkono wa Mashoto uliua moyo, nayo imekufa. Kama haukuua, itaota.

Mashoto alikuwa anajaza gunia pale jalalani, mwenzake wa meza ya jirani, mwanamke waliyemwita Mrefu, alipokuja kumwaga takataka.

"Umeanza kufuga?" Mrefu aliuliza.

"Nimeanza."

Mrefu aliokota mzizi mmoja, akaugeuza. Shingoni mwake visiki vya majani vilikuwa vimepanda kingazi kidogo, kuuzunguka mzizi. Kila mkataji huacha kingazi hicho, na cha watu wote huzunguka upande mmoja. Cha Mashoto peke yake kilizunguka kinyume, mfano wa kifuniko cha chupa kinachofungwa kwa kufungua.

"Hii ni yako tu," Mrefu alisema. Alitazama huku na huku, akamsaidia kulitwika gunia.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili. Sebuleni kilikaa cherehani cha mume wake, fundi nguo, pamoja na kochi alilolalia mama mkwe. Cha pili kilikuwa chumba cha kulala, chenye dirisha moja dogo na mlango unaofunga vizuri. Mashoto alitua gunia mlangoni na kusema anakitaka chumba hicho.

"Unakitaka vipi? Si unalala humo?" aliuliza fundi.

"Nakitaka mpaka meneja arudi. Nasi tutalala huku."

Mama mkwe aliketi vizuri kwenye kochi. Alikuwa na miaka sabini na moja na ulimi usiozeeka. "Yaani mwanangu afukuzwe kitandani mwake na karoti?"

"Si karoti, mama."

"Basi afukuzwe na kitu ambacho hata karoti hakijawa!"

Fundi aliomba kuiona karatasi. Aliisoma mara mbili, akiifuata kwa kidole. "Mke wangu, nisikilize. Kuosha makreti nako ni kazi. Utasaini, watasahau, baada ya mwaka utarudi mezani."

"Kuosha makreti si neno. Hata vyoo ningeosha. Neno ni hili." Aliweka kidole chake juu ya *nakiri*. "Nikiri nini? Alipangusa kalamu, mume wangu. Mbele za watu."

Fundi aliikunja karatasi, akamrudishia. Mteja wake mmoja alikuwa amemwachia jora la kitambaa cheusi kizito, cha majoho ya mahafali. Alilitoa chini ya meza, akalipima kwa macho na dirisha la chumbani.

"Likipata doa," alisema, "mimi ndiye nitakayesaini."

Siku hiyo hiyo walitoa kitanda, wakapanga ndoo, mabeseni na makreti mawili ya soda yaliyokosa soda. Mashoto alikata mikia ya mizizi ilingane, akaisimamisha bega kwa bega kwenye mchanga, akaimwagilia maji chini bila kulowesha vichwa. Wakaziba dirisha kwa mbao na kuupachika mlango pazia la joho kwa ndani. Fundi alihamisha cherehani chake barazani apate mwanga, na kufikia kesho yake majirani walikuwa wameshatunga yao. Mmoja alisema wanaficha mgonjwa. Mwingine aliapa ameona jeneza. Mama mkwe, badala ya kukanusha, aliwaambia wachange mapema.

Mashoto aliingia chumbani mara moja kwa siku, bila taa, akiifuata njia kwa miguu mitupu. Alijifunza kumwagilia kwa kusikiliza. Alipapasa mizizi kwa ncha za vidole, mmoja baada ya mwingine, na kila siku alikutana na kitu kile kile: visiki vikavu na ukimya.

Siku ya nane alikaa chini mle gizani akalia. Hakulia kwa sababu ya nyapara. Alilia kwa sababu alianza kumwamini. Huenda siku ile kweli mkono ulishuka. Alikuwa na mafua wiki ile, macho yalikuwa yakimtoka machozi. Huenda miaka kumi na minne ilikuwa imemtia kiburi tu, na hapa amemtoa mumewe kitandani, amemweka mkwewe kwenye midomo ya majirani, kwa ajili ya mizizi iliyokufa.

Jioni alimweleza mumewe yote. Fundi alikuwa anatunga uzi, hakuinua kichwa.

"Mimi nikikata kitambaa vibaya," alisema, "najua mkasi ukiwa bado haujafumba. Mkono unaniambia. Wewe siku ile mkono ulikwambia nini?"

Mashoto alifikiri. "Hakuna. Ulikata kama siku zote."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi ndiyo hivyo. Nishikie taa huku, uzi huu unanikataa."

Siku ya kumi na saba, mchana kweupe, nyapara alifika na mlinzi wa kampuni, akiwa na tochi ndefu mkononi. Habari za chumba cha giza zilikuwa zimemfikia, maana midomo ya watu haina mlango. Na yeye si mjinga; alijua mara moja kilichomo. Alijua pia kwamba mwanga wa tochi na dirisha kufunguliwa kutwa nzima vingetosha kumaliza kesi.

"Nimekuja kukagua," alisema. "Humu kuna mali ya kampuni."

"Mali ya jalala," alisema Mashoto. Alikuwa amekwisha simama mlangoni mwa chumba. "Uliitupa mwenyewe, na wafugaji wakaja na mikokoteni. Au nao umewakagua?"

"Ondoka mlangoni."

"Siondoki."

Fundi alisimama kutoka kwenye cherehani, utepe wake wa kupimia shingoni, akasema, "Bwana mkubwa, tuzungumze kistaarabu," kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuipenda. Nyapara hakumtazama. Alimwashiria mlinzi, na mlinzi, kwa aibu, akamshika Mashoto mkono.

Mama mkwe alinyanyuka kwenye kochi. Hakuna aliyemjali, maana mzee akinyanyuka watu hudhani anakwenda uani. Alipita chini ya kwapa la mkwewe, akafungua mlango kiasi cha upana wake, akapotelea nyuma ya pazia. Komeo likalia kwa ndani.

"Mama, toka humo," nyapara aliita. "Ni mambo ya kazi hayo."

"Siwezi kutoka. Nimevua nguo!"

Nyapara alisogeza sikio mlangoni.

"Unasemaje?"

"Nimevua! Nimebaki kama nilivyozaliwa, na mimi ni wa miaka sabini na moja! Mwenye ujasiri avunje mlango aje na tochi yake anitazame vizuri, kisha akamweleze mama yake alichokiona!"

Barazani watu walikuwa wameshajaa. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele bila kuambiwa. Mlinzi aliuachia mkono wa Mashoto kama uliomuunguza. "Mkuu," alisema, akiuma mdomo asicheke, "mimi humo siingii. Hata mshahara wangu mkiuzuia, siingii."

"Mama, vaa nguo!" nyapara alipiga kelele.

"Sizioni zilipo, ni giza!"

Kicheko kilichopasuka hapo kilifika mpaka barabarani. Nyapara alisimama na tochi yake mchana ule, jasho likimtoka, akatambua kwamba kila neno atakaloongeza litasimuliwa. "Tutaonana mbele ya meneja," alimwambia Mashoto, na akawapasua watu kupita.

Walipoondoka kabisa, na mapazia ya sebuleni yakashushwa, mlango ulifunguka. Mama mkwe alitoka amevaa kila kitu, hata kilemba hakikupinda.

"Mama! Si umesema umevua?" fundi alisema.

"Nilivua kandambili." Akaketi, akahema. Kisha akamwita Mashoto kwa kidole, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo sauti yake haikuwa na mwiba. "Nimeipapasa hiyo mizizi yako. Sikuwa na la kufanya humo."

Mashoto alisogea karibu. Siku mbili zilizopita alikuwa amehisi kitu kileleni mwa mizizi, lakini aliogopa kukiita jina, akajiambia ni mchanga.

"Imeota, mwanangu. Imefumba kama ngumi." Mama mkwe alikunja ngumi zake mbili kumwonyesha. "Haya, nipe maji ya kunywa. Nipe kwa mkono wowote unaoutaka."

Meneja alirudi siku aliyosema. Alikuwa mtu wa haraka, anayetazama saa hata anaposalimiwa. Nyapara alitangulia kuketi. Mashoto aliingia na kreti limefunikwa kitambaa cheusi, Mrefu nyuma yake, maana aliomba shahidi na hakuna mwingine aliyejitokeza.

Aliondoa kitambaa. Vichwa ishirini na vinne vilisimama mle juu ya mizizi yake, vyeupe pe, na unjano kidogo kwenye ncha, vigumu, vimefumba kimoja kimoja. Meneja alisahau saa yake. Alibonyeza kimoja kwa kidole gumba.

"Hizi amenunua mahali," alisema nyapara. "Au amepewa na mtu. Nani anajua?"

"Leteni mizizi miwili mibichi, na visu viwili," alisema Mashoto.

Ilipoletwa, Mrefu alikata mmoja kwa kulia, Mashoto akakata mwingine kwa kushoto, pale pale juu ya meza ya meneja, majani yakaangukia makaratasi yake. Kisha akailaza yote miwili kando ya mmoja aliouchomoa kwenye kreti. Meneja aliinama. Alikifuata kingazi cha visiki kwa ukucha kwenye mzizi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa Mrefu ulizunguka upande wake. Ya Mashoto miwili ilizunguka kinyume, na mmojawapo ulikuwa na kichwa cha endivu juu yake.

"Wangapi hapa wanakata kwa kushoto?" meneja aliuliza.

"Peke yangu," alisema Mashoto. "Hata jina langu ndilo hilo. Mizizi hii niliikata siku moja na ile iliyooza. Tofauti ni kwamba hii ililala."

Meneja alimgeukia nyapara. "Zile za mwanzo zilikaa kwenye baridi siku ngapi?"

Nyapara alitazama kreti. Alimtazama Mrefu, labda akitumaini atainamia meza kama siku ile. Mrefu hakuinama. "Siku tano," alisema Mrefu. "Sote tulihesabu."

Meneja alishusha pumzi ndefu na kutazama saa. "Haya. Kesho urudi mezani kwako. Mambo yamekwisha, tusiyakuze."

"Hayajaisha," alisema Mashoto.

"Kazi si umepata? Unataka nini tena?"

"Sikusemwa ofisini mimi. Nilisemwa ukumbini."

Aliinua kreti lake na kutoka bila kungoja ruhusa. Akatembea mpaka katikati ya ukumbi, mbele ya wanawake wale thelathini, akalitua kwenye meza yake ya zamani. Visu vilisimama kimoja kimoja. Meneja alifika, na nyuma yake nyapara, ambaye meneja alikuwa amemwagiza njiani aseme ukweli.

"Haukuwa mkono wake," nyapara aliiambia sakafu.

"Hatujasikia," alisema Mrefu.

"Nimesema haukuwa mkono wake. Niliitoa mapema. Haikulala."

"Nani aliyeitoa?" sauti ya mwanamke mwingine iliuliza kutoka nyuma, na hiyo haikuwa ya Mrefu.

"Mimi!"

Mashoto alitoa ile karatasi mfukoni mwa aproni, ingali imekunjwa, haina sahihi. Aliing'oa endivu moja kutoka kwenye mzizi wake, akaizungushia karatasi hiyo, akamnyooshea nyapara. Kwa kushoto. Mkono wa kulia aliuweka nyuma ya mgongo na kuuacha huko.

Nyapara aliutazama mkono ule. Alimtazama meneja, na meneja akatazama dirisha. Hatimaye nyapara alinyoosha mkono wake akaipokea, na mkono wake mwingine, kwa mazoea tu, ukaanza kutafuta kitambaa mfukoni.

"Usipanguse," alisema Mashoto.

Mkono ule ulitoka mfukoni mtupu.